Uliza Fundi wa Mapazia: Kawa, Kutu na Pazia Lililorudi

Masika yakianza kukatika, barua za ukurasa huu hubadilika. Wakati wa kaskazi mnaniuliza rangi gani itaelewana na kochi la hudhurungi. Sasa ni kawa, ni kutu, ni pazia lililokwenda kwa dobi refu likarudi fupi. Nimechagua tano. Za wanaotaka niwashonee kabla ya Idi nimeziweka kando. Cherehani ni moja, na macho yangu hayaoni tundu la sindano baada ya magharibi.

Shangazi, asalaam aleikum. Naishi Makadara, nyumba ya chini. Mapazia yangu ya sebuleni ni ya pamba rangi ya maziwa, yana bitana nyeupe. Baada ya mvua nimeona vidoti vyeusi kwenye bitana, huku chini upande wa ukutani. Nikatia jiki, vifuniko viwili, nikaroweka usiku kucha. Asubuhi vidoti vimepungua lakini bitana imekuwa ya manjano kama meno ya mvuta sigara. Nifanyeje? — Mama wa watoto wanne, Makadara

Waalaikum salaam, mwanangu. Hivyo vidoti jina lake ni kawa. Bibi zetu walikuwa na neno hilo kitambo, kabla hatujaanza kuita kila kitu fangasi. Kawa ina uhai: ni kuvu, nayo huota penye unyevu, joto na cha kula. Chakula chake ni vumbi, mafuta ya vidole vya watoto, na ile kanji ambayo kitambaa kipya huja nayo kutoka dukani. Unyevu na joto Mombasa hatununui.

Jiki ungeweza kuitumia. Ulipokosea ni kulala nayo usiku kucha. Tena hukuniambia ulitumia maji gani, nami nadhani ni ya kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji ya visima yana chokaa na chumvi, ndiyo maana sabuni haitoi povu. Mengine, hasa yakipitia mabomba na matangi yaliyoliwa na kutu, yana chuma pia. Chuma hicho huwezi kukiona kwa macho. Jiki ikikikuta ndani ya beseni hukigeuza kutu papo hapo, na kutu hiyo hukamatana na nyuzi. Ndiyo manjano yako, au angalau sehemu yake.

Fanya hivi. Suuza bitana kwa maji ya bomba, au ya mvua kama uliyakinga, maji matatu, mpaka usisikie harufu ya jiki hata ukikigusisha kitambaa puani. Ukisharidhika, suuza tena. Nasisitiza kwa sababu hatua inayofuata ni siki, na jiki ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilizichanganya ndani ya bafu lisilo na dirisha, nikiamini dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Nilitoka mbio, machozi yananitiririka, kifua kinawaka, na mama mkwe amesimama uani ananitazama tu. Alidhani nalia kwa sababu nimeambiwa nifue.

Sasa siki: kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa lita 10 za maji, roweka nusu saa, halafu fua kwa sabuni ya mche na usuuze. Manjano ya kutu yatalegea. Yakikataa kabisa, huenda jiki imeshaiharibu bitana yenyewe. Hapo dawa hakuna. Usihuzunike. Bitana ni shimizi ya pazia, hubadilishwa. Ifumue, nenda Mtaa wa Biashara na kipimo chako mkononi, na fundi yeyote wa mtaani kwako ataimaliza kwa mchana mmoja.

Siku nyingine ukiona kawa, usianze na maji. Anza na jua na brashi kavu, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwako na mtandio umeziba pua. Kisha sabuni, kisha siki. Jiki iwe ya pamba nyeupe peke yake: vijiko viwili vya chakula kwa lita 5, dakika 10, usuuze.

Lakini yote hayo ni kufukuza paka huku samaki wako mezani. Umesema kawa iko chini, upande wa ukutani. Ukuta wa nyumba ya chini hunywa maji kutoka ardhini, na pazia lako limeuegemea, pengine kochi nalo limelibana. Vuta kochi shubiri moja. Pandisha pindo lisiguse sakafu. Inchi moja yatosha. Yale mapazia yanayomwagika sakafuni ni ya kupigia picha. Na mchana, kuanzia saa nne hivi mpaka alasiri siku isiyo na mvua, fungua madirisha yote na uyafunge mapazia fundo juu, kama mwanamke aliyejikaza leso anataka kupiga deki. Ukiyaacha yamening'inia ndani ya chumba kilichofungwa mpaka urudi kutoka kazini, kawa itarudi kabla ya wewe kufika.

Bi Fundi, nimeolewa Januari. Mapazia ya chumbani alinishonea shangazi yangu, pamba nzito ya maua, yalikuwa yakigusa sakafu. Nilimpa dobi. Yamerudi safi, yamepigwa pasi vizuri, lakini yameiacha sakafu kiganja kizima, utadhani kanzu ya mtoto aliyekua ghafla. Dobi ananiapia hakufanya kitu. Nimdai? — Bi arusi, Kisauni

Kwanza hongera. Dobi wako hakusema uongo, ila hakusema kweli yote.

Pamba mpya hurudi, yaani hufupika. Kiwandani kitambaa huvutwa na kukazwa, na kikionja maji ya moto mara ya kwanza nyuzi hulegea zikajikusanya. Asilimia 5 si ajabu. Pazia la mita 2.30 likipoteza asilimia 5, hiyo ni sentimita 11 na nusu, na ndicho kiganja chako hicho. Maji ya moto ni kosa la dobi. Kukata kitambaa bila kukirowesha ni kosa la fundi, nami siwezi kumtetea shangazi yako kwa kuwa ni shangazi.

Nayasema haya nikiwa na aibu yangu. Zamani, nikiwa bado nashonea barazani, nilikata mita 20 za pamba za mteja wa Tudor bila kuzitia maji. Yeye alikuwa na haraka ya wageni, mimi nilikuwa na haraka ya pesa. Yalipofuliwa mara ya kwanza aliyaleta yote sita. Hakupiga kelele. Alilishika moja akalisimamisha kwenye mlango wangu, akainama, akanionyesha kwa kidole mwanga unavyopita chini yake. Akalishika la pili, vile vile. Alipofika la nne nilimwambia, dada, basi, nimeona. Nilimtilia mkanda chini, yote sita, bila malipo, na tangu siku hiyo hakuna pamba inayopanda mezani kwangu kabla ya kulala kwenye beseni.

Na wewe dawa yako ni hiyo hiyo. Fumua pindo kwanza uone shangazi ameacha kiasi gani. Kama ni inchi 5 na zaidi, literemshe na mambo yamekwisha. Mstari wa pindo la zamani utabaki unaonekana. Ulowanishe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uupige pasi kwa ndani, utafifia. Pindo likiwa halitoshi, tia mkanda wa rangi moja iliyomo kwenye yale maua. Ufanye mpana, sentimita 20 au 25, hata ikibidi ukate kidogo pazia lenyewe kwa chini. Mkanda mwembamba kila mtu ataujua ni kiraka. Mpana watakuuliza umeshonesha wapi. Na huo mkanda uroweshe kwanza, tafadhali, nisije nikapata barua yako ya pili.

Kumdai dobi, sioni. Mwombe akufulie bure safari ijayo, kwa maji baridi. Sehemu kubwa ya kurudi imeshamalizika.

Fundi, mimi bachela, naishi Mikindani karibu na barabara kuu. Mapazia niliyanunua mitumba pale Kongowea miaka miwili iliyopita: kijani, mazito, mgongoni yana kitu kama mpira. Sijawahi kuyafua. Mchumba wangu anakuja na mamake Jumamosi ijayo. Kuna lebo yenye vipicha: beseni lina 30, pembetatu imepigwa msalaba, pasi ina kidoti kimoja. Kweli yana haja ya kufuliwa? — Mwenye haraka

Kaka, miaka miwili, na malori yote hayo yanayopita! Hayo yameshakuwa chujio. Moshi na vumbi ambalo pazia limelizuia ndilo ambalo wewe hukulivuta, kwa hivyo lishukuru, kisha ulifue.

Vipicha vyako vinasema hivi. Beseni lenye 30: maji yasizidi nyuzi joto 30, na maji ya bomba la Mombasa yanatosha bila kupashwa moto. Pembetatu yenye msalaba: jiki marufuku. Pasi ya kidoti kimoja: isizidi nyuzi 110, yaani moto mdogo kabisa, vidoti viwili ni 150, vitatu ni 200. Kungekuwa na beseni lililopigwa msalaba na duara lenye herufi P, ningekwambia usiyatie maji, uyapeleke kwa wanaosafisha kwa dawa bila maji.

Huo mpira wa mgongoni ni wa kuzuia jua, na ndio wa kuogopa. Ukikamua unapasuka. Ukikunja ukiwa mbichi unanatana, na ukitenganisha unabanduka kama ngozi ya mguu uliochomwa na jua. Ukiusugua kwa brashi umekwisha.

Anza Jumatano, usingoje Ijumaa. Yashushe jioni, uyakung'ute nje mbali na kamba ya jirani. Toa vikulabu vyote, uvitie kikombeni visipotee. Roweka pazia moja moja kwenye maji matupu, bila sabuni, nusu saa. Maji yatatoka rangi ya chai ya mkandaa. Mwaga, tia mengine. Yakianza kuwa chai ya maziwa, ndipo utie sabuni ya unga kidogo na uyabonyeze bonyeze kwa viganja, kama unaukanda unga wa mahamri ambao hutaki uumie. Suuza mpaka povu liishe. Usikamue: litundike pale bafuni lichuruzike lenyewe, kisha lipeleke kivulini penye upepo. Tumia kamba mbili zinazokwenda sambamba, pazia lipite juu ya zote mbili, hewa iingie katikati.

Na uyafue pande zote. Mama mkwe mtarajiwa hatalitazama pazia mbele, ataligeuza.

Shangazi, ghorofa yetu Nyali inatazama bahari. Pete za chuma za mapazia zimeacha miduara ya kutu kwenye kitambaa cheupe. Tena wiki jana nilipofua neti za sebuleni, moja imechanika mikononi mwangu na wala sikuivuta. Ni sabuni mbaya? — Mtazama bahari

Sabuni umeisingizia. Neti yako ilikuwa imekufa zamani, wewe umekwenda kuiosha tu.

Aliyeiua ni jua. Mwanga wa jua hukata nyuzi kidogo kidogo, za nailoni na hariri upesi zaidi, na dirisha la kutazama mashariki huipiga neti kila asubuhi ya Mungu. Ikiwa kavu inasimama, inapendeza, huwezi kujua. Ikinywa maji ikawa nzito, inaachana. Itandaze hiyo iliyochanika uitazame: utaona imepasuka mistari mistari, na kila mstari ni pale ambapo rinda lilichomoza kuelekea kioo. Mabonde yaliyokuwa yamejificha bado ni mazima. Nimeziona nyingi, na kila mara hunishangaza jinsi mistari ilivyo sawa, kama iliyochorwa kwa rula.

Hizo zilizobaki, kabla hujazitia maji, shika mahali palipotazama dirisha kwa vidole gumba viwili na uvute taratibu. Ikitoa sauti kama karatasi, iache juani imalizie siku zake. Zile nzima, kila ukifua zibadilishe, ya kulia iende kushoto, ili ubavu mwingine nao upigwe jua. Zifue ndani ya foronya iliyofungwa mdomo kama unatumia mashine. Na usizianike: zirudishe kwenye fimbo yake zikiwa bado zina unyevu, zitajinyoosha kwa uzito wake wenyewe, pasi huihitaji. Fimbo kwanza uipanguse. Ikiwa ya chuma iliyochubuka rangi, itakuachia kutu nyingine.

Kutu yenyewe ina mwenyewe, ni chumvi. Upepo wa kusi unaipuliza mpaka ndani, inakaa kwenye kitambaa, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana jioni ukilishika pazia linanata kama limejasho. Pete ya chuma iliyofungwa ndani ya kitambaa cha namna hiyo itakosa kushika kutu vipi? Kamulia ndimu kwenye doa, nyunyiza chumvi ya jikoni juu yake, weka juani saa moja, na ndimu ikikauka ongeza nyingine. Suuza, tazama, rudia. Doa la miaka halitoki kwa siku moja. Kitambaa cha rangi kijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, maana ndimu inaweza kukipausha. Jiki hapana: kutu hufurahi ikiiona. Badilisha pete uweke za plastiki. Ukizipenda hizo hizo, zitoe, zisugue, uzipake rangi ya kucha ile isiyo na rangi, tabaka mbili. Binti yako atalalamika chupa imekwisha.

Mwezi wa saba na wa nane, kusi likivuma, mapazia yanayotazama bahari yapitishe kwenye maji matamu mara moja kwa mwezi, bila sabuni. Ni kazi ya nusu saa.

Bi Fundi, mama yangu hufua mapazia yote ya nyumba usiku wa kuamkia Idi. Kila mwaka asubuhi nyumba inanuka kitambaa cha jikoni, na udi juu yake. Mimi kumwambia siwezi. Mwambie wewe. — Mtoto wa kike, Majengo

Mama mwenzangu, salaam, na saumu njema utakapofika mwezi. Binti yako anakupenda, ndiyo maana amenituma mimi.

Harufu ile haitokani na uchafu, maana umefua. Inatokana na pazia zito lililokaa muda wa saa kumi na mbili likiwa bichi, usiku, hakuna jua, madirisha yamefungwa na sufuria ya pilau inatoa mvuke. Nami nawajua wanawake wa Majengo: utaniambia ukifua mapema yatachafuka kabla ya sikukuu. Basi tugawane. Mapazia mazito yafue kumi la mwisho likianza, baada ya alfajiri, yapande kamba mapema yapate jua lote la mchana. Ya rangi uyageuze ndani nje yasipauke. Alasiri yashike pale kwenye pindo na kwenye tepu ya juu, ndipo mahali pa mwisho kukauka. Pakiwa baridi kwenye shavu, bado. Yakishakauka yakunje, yaweke kitandani kwa mgeni, ule usiku wa mwezi kuandama uyatundike tu. Hayatakuwa na vumbi la siku hata moja.

Neti hizo endelea kuzifua usiku wa Idi kama ulivyozoea, maana nyepesi hukaukia kwenye fimbo kabla ya takbira za asubuhi. Hivyo kunguru nao hawatazipata; ukizianika juani watu wakiwa wanakwenda kuswali, kunguru watakuja kukuachia Idi yao hapo hapo.

Udi ufukize pazia likishakauka kabisa, na chetezo usikiweke chini ya neti. Poliesta haisubiri moto, cheche moja yatosha kuitoboa.